Kamba ya mita 4 na vijiti vinne, basi

Mwaka wangu wa kwanza na darasa la pili niliingia na mbwembwe kweli. Nikachapisha karatasi yenye vitu 20 vya kutafuta nje, jani lenye umbo la moyo, unyoya, mdudu mwenye mabawa, jiwe la mviringo na kadhalika, kila mtoto na karatasi yake na penseli yake, nikafungua mlango. Dakika 10 hazijaisha wamerudi wamemaliza. Nusu yao wamenakili kwa wenzao, wawili wanagombea unyoya mmoja, na mmoja kang'oa mmea mzima mpaka mizizi kisa anataka jani moja tu. Nikawauliza haya niambieni mmeona nini huko. Kimya. Walikuwa wanakimbizana na tiki, na aliyewafundisha kukimbizana na tiki ni mimi mwenyewe.

Siku hizi natoka na kamba. Mita 4 za kamba na vijiti vinne, unachomeka vijiti unazungusha kamba unapata mraba wa mita 1 kila upande, watoto wanne wanapiga magoti kuuzunguka na hawahami hapo kwa dakika 15. Mara ya kwanza watakwambia mwalimu hapa hakuna kitu, ni majani tu. Usiwajibu, jifanye hujasikia. Dakika ya tatu ya nne hivi utasikia mtu anapiga kelele "anatembea! anatembea!" na hapo ndo kipindi kimeanza.

Na swali ni moja tu kwa siku, hili nalisisitiza kwa sababu sisi walimu tunapenda kurundika. Kwa mfano siku ya sisimizi swali langu ni wanajuaje njia? Nasikiliza majibu yote, wanafuata mkubwa wao, wanaona kwa macho, wameulizana njiani (hili la kuulizana nalipenda sana), halafu tukishapata msafara mmoja uliokaa vizuri namwambia mtoto apitishe kidole ardhini akatize ile njia yao, asikanyage mtu. Weee! Wanaofika pale wanasimama, wanazunguka, wengine wanageuza walikotoka, mpaka baadaye wanaunganisha tena njia yao. Watoto wanabaki vinywa wazi. Sasa ndo nawaambia kwamba sisimizi akitembea anaacha harufu chini na mwenzie anaifuata, na kidole chako kimeifuta harufu. Ukianza na maelezo kabla ya kidole umeshaiharibu, nimejaribu njia zote mbili.

Baada ya hapo wanachora, na kwenye kuchora ndo utajua nani ameangalia na nani ameotea. Karibu wote mara ya kwanza wanachora sisimizi ana miguu minne kama mbuzi, au wanampa sita lakini wameipachika tumboni. Sisemi umekosea, nasema rudi kamuulize mwenyewe. Anarudi, anainama na kioo cha kukuzia, anakuja mbio, mwalimu yote imetoka katikati! Ndiyo, miguu yote sita ya mdudu inatoka kwenye kile kipande cha kati, wala si tumboni, na huyu hatasahau mpaka anazeeka. Buibui akipita hapo ana miguu minane na mwili wake vipande viwili tu, basi ugomvi wa kama buibui ni mdudu au si mdudu wanaumaliza wenyewe.

Jongoo naye ni hesabu tupu. Kila mtu anaamini ana miguu elfu, na kwa muda mrefu sana hakuna jongoo aliyejulikana kufikisha hiyo elfu, mpaka mwaka 2021 wanasayansi walipotangaza aina moja kutoka chini kabisa ya ardhi huko Australia, mmoja wao alihesabiwa miguu 1,306. Hawa wetu wa juu ya ardhi wengi hawafiki hata 400. Mwambie mtoto ahesabu pingili halafu azidishe kwa nne, maana pingili nyingi za jongoo zina jozi mbili za miguu (zile chache za mbele haziko hivyo, ila kwa darasa la pili naziacha zipite). Tandu ana jozi moja kwa kila pingili na anauma, kwa hiyo tandu ni wa kuangalia kwa mbali, na jongoo ukimshika usijifikiche macho, nawa kwanza, ana majimaji yanayowasha.

Kuhusu usalama sina mengi. Pita mwenyewe pale kabla watoto hawajafika, jua nani ana mzio wa nyuki, hakuna kutia kitu mdomoni. Na jiwe halifunuliwi ovyo, unashika ukingo wa upande wa mbali unalivuta kuja kwako, ili kilichopo chini kikitoka jiwe liwe kati yako na chenyewe. Kisha unalirudisha taratibu vile lilivyokuwa, hiyo ni nyumba ya mtu.

Kivuli nacho kizuri siku ya jua, chomeka fimbo, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, rudi kila saa uongeze nyingine, utaona kinafupika hadi katikati ya mchana halafu kinarefuka tena upande wa pili. Haina kazi kabisa, inajiendesha yenyewe huku mnasoma mengine.

Watu wanaoniuliza "mnacheza nini kule nje" nilishaacha kubishana nao, nawaonesha madaftari. Wazazi wa nguo chafu hao nawaelewa, natuma ujumbe siku moja kabla waje na nguo kuukuu, yameisha. Kinachonisumbua kweli ni kurudi sehemu ile ile. Mraba mmoja ukiutembelea kila wiki ndo unaona kitu, uyoga ambao juzi haukuwepo, jani limetobolewa matundu na kiwavi hajulikani alipo, lakini ratiba nayo inabana, wiki nyingine tunaruka na watoto wananidai kama nimekopa hela.

Kesho ni zamu ya soksi. Unavaa soksi kuukuu juu ya kiatu, unapita kwenye majani marefu, unatoka mguu umejaa mbegu za kung'ang'ania, tunazihesabu, halafu soksi tunailaza kwenye trei tunaimwagilia tuone itaota nini. Nitawaambia na habari ya yule Mswisi, George de Mestral, mwaka 1941 katoka matembezini na mbwa wake wamejaa mbegu za namna hiyo, kaziweka kwenye hadubini kakuta vindoano, na kutokana na hilo ndo tukapata ile velkro ya kwenye viatu inayolia kwraaa, ambayo najua wataifungua na kuifunga mpaka kipindi kiishe. Niliomba kila mtoto alete pea moja ya soksi. Mpaka jioni hii nimepokea soksi 31 na hakuna hata mbili zinazofanana.