Nilivyobadilisha klachi na flaiwili ya Impreza WRX ya gia tano

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX ya umbo la GDA, injini EJ205 ya lita mbili yenye tabo, giaboksi ya gia tano. Klachi ndiyo inayounganisha na kuachanisha injini na giaboksi, na flaiwili ni gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi inafungwa juu yake. Kabla ya kushusha chochote nilithibitisha kwamba tatizo ni klachi. Injini ikiwa imepata joto, niliweka gia ya nne kwenye barabara tambarare, mshale wa mizunguko ya injini ukiwa karibu na 2,500 kwa dakika, kisha nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale ulipanda pale tabo ilipoanza kusukuma, lakini mwendo haukuongezeka. Hiyo ni klachi inayoteleza. Kelele nazo zina maana yake: mlio unaotokea ukikanyaga pedeli ni beringi ya rilizi (inayoachisha klachi ukikanyaga), na unaopotea ukikanyaga kwa kawaida ni beringi ya shafti ya kuingilia ndani ya giaboksi. Huo wa pili hautibiwi na klachi mpya.

WRX hula klachi kuliko gari inayovutwa na magurudumu mawili yenye nguvu ileile, na sababu iko wazi. Ukiondoka kwa nguvu na gari inayovutwa na tairi mbili, tairi zinazunguka bure na kupunguza mzigo. Hapa tairi zote nne zinashika, kwa hiyo kitu pekee kinachoweza kuteleza ni klachi. Anayeishikilia gari mlimani kwa klachi kwenye foleni, badala ya kuvuta hendibreki, anaichoma kila siku.

Nilinunua pleti (sahani ya msuguano) ya milimita 230, presha pleti inayoibana kwenye flaiwili, na beringi ya rilizi, vyote katika seti moja ya Exedy. Nikaongeza beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili, sili ya nyuma ya krankshafti, bolti mpya nane za flaiwili, pini za ekseli za mbele, na lita 3.5 za oili ya 75W-90 GL-5. Kirinyaga Road (Nairobi) au Gerezani (Dar es Salaam) utauziwa "klachi ya WRX" bila kuulizwa swali lolote, kwa hiyo uliza wewe. Klachi ya gari hii ni ya kuvuta: beringi inanasa kwenye presha pleti na kuivuta kuelekea giaboksi. WRX za kuanzia 2006 zenye injini ya lita 2.5 zina klachi ya kusukuma, na vifaa vyake haviingiliani na hivi.

Kushusha giaboksi kunataka subira tu. Betri, intakula (kipoza hewa ya tabo), stata, kishikizo cha juu kati ya giaboksi na ukuta wa injini, bomba la egzosi, kisha propela. Nilimwaga oili kwanza, maana propela ikitoka inamwaga nyuma. Masta ya chini ya klachi, silinda inayosukuma mkono wa klachi, nilifungua bolti zake mbili nikaifunga pembeni bila kugusa paipu yake, ili nisije kutoa hewa baadaye. Kuanzia hapo hakuna mtu kukanyaga pedeli, la sivyo pistoni inatoka nje. Ekseli za mbele zimefungwa kwa pini zinazogongwa kwa panchi ya milimita 6. Weka alama ya jinsi ekseli ilivyokaa, kwa sababu tundu lake linalingana upande mmoja tu.

Wengi hukwama kwenye uma, yaani mkono unaoisogeza beringi ya rilizi. Kwa kuwa beringi imenasa kwenye presha pleti, ukifungua bolti za giaboksi na kuivuta haiji, na ukilazimisha kwa mtaimbo unapasua uma au belhauzingi, ganda la giaboksi linalofunika klachi. Pembeni mwa belhauzingi kuna kizibo kinachofunguliwa kwa eleni ya milimita 10. Nyuma yake iko shafti inayoshikilia uma, na ina nyuzi ndani. Niliingiza bolti ya M6, nikaivuta shafti ikatoka, uma ukalegea na kuachia masikio ya beringi. Beringi inabaki na injini, giaboksi inarudi nyuma. Usiachie shafti hiyo ikadondokea ndani.

Injini lazima ishikiliwe giaboksi inapotoka, kwa sababu inainamia nyuma na kuning'iniza mabomba. Mimi hutumia boriti juu ya mafenda na mnyororo, huku giaboksi ikikaa kwenye jeki yake.

Presha pleti nililegeza kidogokidogo kwa zamu, mkato kwa mkato, yaani bolti moja kisha inayoikabili. Ukifungua bolti moja hadi mwisho, springi inaipinda. Flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu na nyufa nyembamba kama nywele. Nyufa za juujuu zinasagika. Madoa ni tatizo kubwa zaidi: chuma kilichopata joto kali hapo kimekuwa kigumu kuliko kinachokizunguka, na ukipeleka kukereza, kisu kinaruka juu yake na kuacha vinundu. Klachi mpya itatetemeka kila ukiondoka. Flaiwili yenye madoa isagwe kwa jiwe, isikerezwe, na kama uso wa flaiwili unaofungiwa presha pleti na ule unaoguswa na pleti haviko usawa mmoja, kiasi kinachotolewa kwenye kimoja kitolewe na kwenye kingine. Ufa ukifika kwenye tundu la bolti, tupa. Hii nilibadilisha, nikaweka ya uzito wa kiwandani. Nyepesi inafaa gari ya mashindano. Kwa gari ya kila siku inaifanya izimike kirahisi kwenye kuondoka, na dereva anaongeza mafuta na kuichoma pleti.

Flaiwili ikiwa chini, badilisha sili ya nyuma hata kama haijavuja, na angalia kifuniko cha kitenganisha hewa na oili kilicho karibu nayo. Kile cha plastiki hupinda kwa joto na kuvujisha oili hadi kwenye pleti, kwa hiyo weka cha chuma.

Sasa shingo ya aluminiamu inayotokea kwenye giaboksi, ambayo beringi huteleza juu yake. Pitisha ukucha. Ukikuta ngazi iliyochongwa na kuchakaa, beringi mpya itakwama na pedeli itatetemeka ndani ya muda mfupi, na giaboksi itashuka tena. Zipo seti zenye bomba la chuma la kuvika juu ya shingo pamoja na beringi ya tundu pana zaidi. Ya hapa ilikuwa na ngazi, nikavika bomba.

Kurudisha: bolti za flaiwili kazwa 72 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa mkato. Nilisafisha uso wake na wa presha pleti kwa dawa ya breki, maana vinakuja vimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Pleti ina upande wa flaiwili ulioandikwa. Ukigeuza, kitovu chake kinagonga bolti na klachi haiachii. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ukungu tu, kwa sababu ikizidi inarushwa kwenye pleti. Presha pleti 16 Nm, bolti ni ndogo na zinakatika.

Giaboksi ikibakiza sentimita moja na kukataa, usiivute kwa bolti. Weka gia, zungusha mwisho wa shafti ya nyuma kidogokidogo hadi meno yapatane. Belhauzingi 50 Nm.

Beringi niliiweka kwenye uma upande wa giaboksi, shafti na kizibo vikarudi. Giaboksi ikishafungwa, sukuma mkono wa uma kuelekea injini hadi usikie "tak". Kisha uvute kurudi nyuma: ukikuta upinzani mzito, beringi imenasa. Ukicheza huru, haijashika. Fanya hivi kabla ya kurudisha propela na egzosi, kwa sababu pedeli isiyofanya kazi ukiwa umeshafunga kila kitu inakurudisha mwanzo.

Oili nilijaza na kupima kwa kijiti gari ikiwa mahali tambarare. Oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha difu ya mbele. Kilomita 800 za mwanzo ni za mjini, kuondoka polepole na kubadilisha gia mara nyingi, bila kukanyaga mafuta hadi mwisho. Pleti mpya inayopashwa joto kali mapema inang'aa kama kioo na kuteleza ikiwa bado nene.