Mwamvuli, Njiwa na Mkonge: Siku Niliyofika Mónsul

Ukitoka kijiji cha San José, kusini-mashariki mwa Hispania, lami huisha mapema, na kuanzia hapo ni vumbi hadi ufukwe wa Mónsul, mwendo wa kilomita 4 au 5 hivi. Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu wakati wa kiangazi magari huzuiwa maegesho yanapojaa, na basi lilikuwa limeniacha kwa dakika chache tu. Sikujuta, kwani njiani nilikutana na kitu ambacho sikukitarajia kabisa: mkonge. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe na sihitaji kuambiwa mkonge unafananaje. Huku ulipandwa miaka ya 1950 kwa ajili ya nyuzi, biashara ikafa, mimea ikaachwa ijiotee yenyewe, na sasa mingi inaliwa na fukusi hadi inaanguka na milingoti yake.

Ufukwe wenyewe umezungukwa na miamba ya volkano zilizolipuka mamilioni ya miaka iliyopita, nyingi zikiwa chini ya bahari, na ambazo leo zimekwisha kufa. Ukiusogelea mwamba na kuupapasa, unaona vipande vya mawe meusi vilivyonaswa ndani ya majivu yaliyogandamana, kama karanga ndani ya kashata. Katikati ya mchanga limesimama jiwe moja kubwa, lililoliwa na mawimbi upande wa chini hata likainama, ambalo wenyeji huliita Peineta, yaani kile kitana cha pambo ambacho wanawake wa Kihispania huchomeka kwenye fundo la nywele.

Hapo ndipo Steven Spielberg alipopigia picha za tukio mashuhuri la filamu ya Indiana Jones and the Last Crusade, iliyotoka mwaka 1989. Sean Connery, aliyeigiza kama baba yake Indiana, anafungua mwamvuli na kuwakurupusha ndege waliotua mchangani. Kundi zima linaruka, linaivaa ndege ya kivita iliyokuwa ikimwinda yeye na Indiana, nayo inaanguka. Katika hadithi wale ni shakwe, lakini waliorushwa siku ile walikuwa njiwa. Nimeitazama filamu hiyo mara nyingi tangu utotoni bila kushuku lolote, jambo linaloniaibisha kidogo, maana nyumbani tulifuga njiwa.

Wengine pia wamepita hapo: The NeverEnding Story ya mwaka 1984, kisha Pedro Almodóvar na Hable con ella ya mwaka 2002. Nilipokaa kivulini nilielewa ni kwa nini. Mkoa wa Almería ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Ulaya, na jua lake la kutegemewa liliwavuta watu wa filamu tangu miaka ya 1960, Sergio Leone akiwamo, aliyepiga filamu zake za cowboy katika jangwa la Tabernas. Hata hivyo, kwangu Mónsul ina kitu kikubwa kuliko jua. Pale hakuna nyumba, hakuna nguzo ya umeme, wala mti wa kukuambia uko nchi gani au mwaka gani, na tangu eneo la Cabo de Gata-Níjar lifanywe hifadhi mwaka 1987, hakuna hoteli iliyoruhusiwa kuja kuyaharibu mandhari hayo. Kwetu pwani, mnazi mmoja tu ukiingia kwenye picha, mtazamaji amekwisha kujua yuko wapi.

Nilikuwa nimebeba mwamvuli, bila shaka. Niliufungua nikapiga hatua tatu za mbwembwe kuelekea majini, upepo ukaupindua na kuvunja njiti mbili, na mzee mmoja aliyekuwa akimenya chungwa akacheka, akapaza sauti: "Connery!" Shakwe alikuwa mmoja tu, juu ya Peineta, na hakujisumbua hata kugeuza shingo.