Nilivyotengeneza traki ya Trackmania ambayo watu wanairudia

Kuna ushauri unazunguka eti ukianza kutengeneza traki ya Trackmania, ile gemu ya mbio za magari, uweke kila kitu, loop za kubinua gari, turbo za kuongeza kasi kila mahali, mapambo mpaka angani, ndo watu watakuona. Achaneni nao. Nani atavumilia traki ya dakika nne wakati kona ya tatu tu ishamtupa nje? Yangu inakwenda kama sekunde 40 hivi, kona za kawaida, na mbwembwe zote nimeziweka kwenye mruko mmoja.

Natumia toleo la Nations Forever, lile la bure la watengenezaji wake Nadeo lililotoka 2008, maana leptop yangu ya kizamani inalimudu. Kupanga vipande vya barabara hata sielezi, utajiongeza.

Sasa huo mruko ndo nataka niwaambie. Wengi wanaweka rampu, wanakadiria kwa macho gari litatua wapi, wanajaribu, linagonga ukingo linabinuka, wanasogeza kipande kimoja mbele, linapita juu yake, basi usiku kucha ni hivyo hivyo. Mimi sikukadiria chochote. Niliacha mbele ya rampu patupu kabisa, nikaendesha kuanzia mwanzo, gari likaruka likaanguka kwenye nyasi huko, nikakariri lilipopita, halafu nikaweka mteremko mpana palepale linapoanza kuinamisha pua. Likatua laini, halikudunda hata! Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Hii inawezekana kwa sababu gemu hii haina bahati nasibu, ukibonyeza vilevile kwa wakati uleule gari linafanya kilekile. Ndo maana kuna mafundi wana traki ambazo wewe unashikilia mshale wa mbele tu, gari linajiendea lenyewe mpaka mwisho. Ila binadamu habonyezi sawa kila mara, kwa hiyo pa kutua paachie upana. Na ukishapata mruko wako usiguse tena kona zinazoutangulia, spidi ikibadilika kidogo umeharibu kila kitu.

Chekipointi, yaani pale mtu anaporudishwa akiharibu, usiiweke karibu na rampu jamani. Mtu akirudishwa pale anaanza gari limesimama, spidi ya kuruka ataitoa wapi? Weka baada ya kutua.

Halafu tafuta mtu ambaye hajaiona, mpe kibodi, ufunge mdomo. Nilimkalisha mdogo wangu, pale pa kukata kulia yeye akanyoosha moja kwa moja ukutani, mara mbili, nami kimya nimeng'ata ulimi. Nikaweka kibao cha mshale kabla ya kona, kesi ikaisha.

Mwisho lazima uimalize mwenyewe ndo gemu iikubali, na muda wako unakuwa ndo wa kufikia mtu apate medali ya mtunzi. Wanasema uweke muda wa huruma. Mimi nilikaza mpaka vidole vikauma, na mdogo wangu hajaupata mpaka leo.