Nilivyopata kadi nne za maktaba nikiwa sina nyumba

Dereva mwenzangu mmoja, mtu wa Bukavu, aliniambia tukiwa tunasubiri zamu ya kuoga pale Iowa 80, kituo kikubwa cha malori: "Kaka, maktaba ni ya watu wenye nyumba. Wewe una nyumba?"

Nyumba sina. Nina kichwa cha lori chenye kitanda nyuma ya kiti, friji ndogo, na jagi la kuchemshia maji ambalo likiwashwa pamoja na friji fyuzi inakata. Huu ni mwaka wa nne nalala humo, leo Iowa, kesho Nebraska, keshokutwa Mungu na dispacha, mpangaji wa safari zangu, ndio wanajua. Akanishauri nifanye kama yeye, nilipie usajili wa vitabu vya kusikiliza, dola 15 hivi kwa mwezi, unapata kitabu kimoja. Kimoja! Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 kwa siku. Kitabu cha saa 8 nikikianza Omaha asubuhi, Cheyenne nafika mwandishi anashukuru wazazi wake. Siku 29 zilizobaki nisikilize nini, injini?

Leo nina kadi nne za maktaba ninazoazimia vitabu kwenye simu, vya kusoma na vya kusikiliza, zote za jimbo la Ohio, zote za bure. Kila nilipomkuta bado analipia dola zake nilimuuliza hali ya nyumba yake.

Lakini nisijifanye mjanja mapema. Mara ya kwanza nilitia aibu.

Nilipofika Marekani nilianzia Louisville, kwa hiyo leseni yangu ya CDL, ile ya kuendesha malori makubwa, ilikuwa ya Kentucky. Baadaye barua zangu nikazihamishia Columbus kwa dada yangu, mtoto wa shangazi, ila leseni nikaiacha vilevile kwa uvivu. Jumamosi moja nikakwama kwenye mji mdogo kando ya I-70, ndani ya Ohio. Nina viazi ndani ya tela na mwenye viazi hapokei hadi Jumatatu. Nikatazama ramani nikaona maktaba iko kama kilomita 2 kutoka kituo cha malori. Mtu mwenye akili angetembea. Mimi nikajiambia nina matairi 18, nitembee kwa miguu kwa sababu gani?

Nikaenda na kichwa, tela na viazi vyote, nikaegesha kwenye uwanja wa maduka jirani na maktaba. Bango la kuvuta magari nililiona. Nikaliona kabisa, nikaamua ni la magari madogo.

Ndani nikamkuta mkutubi, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akaitazama leseni.

"Unaishi Kentucky?"

"Hapana."

"Unaishi hapa?"

"Leo, ndiyo."

Mimi nilidhani nimechekesha. Akaniambia kwa upole nilete nini, yaani barua yoyote yenye jina langu na anwani ya Ohio. Nikafungua simu nimwonyeshe taarifa ya benki. Juu kabisa, herufi nzito: Louisville, Kentucky. Nikafunga simu, nikashukuru, nikatoka.

Nje kulikuwa na breki-dauni la manjano, lile saizi ya kuvuta malori, linarudi nyuma kuelekea pua ya kichwa changu, na jamaa amekwisha piga magoti anafunga mnyororo. Nilikimbia mbio ambazo sijakimbia tangu umitashumta. Akaniambia pole, mnyororo ukishafungwa kuna bei ya kuufungua. Dola mia tatu na kitu, sikumbuki vizuri na wala sitaki. Piga hesabu mwenyewe ni miezi mingapi ya ule usajili wa dola 15. Yule wa Bukavu nimemsimulia habari ya mkutubi tu, ya mnyororo leo ndiyo mara ya kwanza naitoa.

Baada ya hapo nikabadilisha leseni iwe ya Ohio, jambo ambalo kisheria nilipaswa kuwa nimelifanya zamani, kwa sababu CDL inatakiwa iwe ya jimbo unalohesabika kuwa mkazi. Na hapo ndipo nikagundua kitu ambacho hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kuniambia: ukiwa mkazi wa Ohio, maktaba za umma za miji mingine ya Ohio nazo zinakupa kadi. Huhitaji kuishi kwenye mji wenyewe. Nikachukua ya Columbus, dada alinipeleka kwa gari lake kama mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza. Ikafuata Cincinnati. Ikafuata Cleveland. Ya Toledo niliifuata na kichwa kitupu, tela nimeiacha kwa mteja, na nikaegesha mbali nikatembea. Nimejifunza.

Kwa nini nne? Kwa sababu kitabu cha kielektroniki nacho kina foleni, na hili liliniudhi sana mwanzoni. Kitu cha kompyuta, kinanakiliwa kwa sekunde, iweje niambiwe niko wa 43? Mkutubi wa Columbus ndiye aliyenielewesha. Maktaba hainunui kitabu, inanunua leseni, na leseni moja inasomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kama kitabu cha karatasi. Tena wachapishaji wakubwa wengi wanaiuza kwa miaka 2 tu, kwa dola 50 au 60 na kitu, halafu maktaba inunue upya. Kwa hiyo kila mji una nakala zake na foleni yake. Kitabu ambacho Columbus nilikuwa wa 43, Toledo nilikuwa wa 6. Naingia foleni zote nne, ya kwanza kufika nachukua, tatu zilizobaki nazifuta siku hiyohiyo. Usipozifuta unawachelewesha watu wengine bure, na huo si ujanja, ni uchoyo.

Kuweka programu ya Libby, ile ya kuazimia vitabu vya maktaba, kwenye simu sielezi, kila mtu anajua. Kadi zote nne zinakaa humo ndani pamoja. Wenye programu ni kampuni ya OverDrive, na ofisi zao ziko pembeni ya Cleveland, karibu na I-480. Nikipita huko napiga honi.

Kuna wazee fulani, mume na mke Wamarekani, nilikutana nao nikifua nguo. Wao wanaishi kwenye gari lao la kulala na kupikia, wamestaafu, wanafuata jua. Anwani yao iko Livingston, Texas, ambako kuna chama kinachopokea barua za wasafiri wa namna yao, na wana kadi ya maktaba ya Houston, ambayo hutolewa kwa mkazi yeyote wa Texas. Wakanionya kwamba anwani ya kupokelea barua haikubaliki kila mahali, wana rafiki yao wa jimbo lingine ambaye kaunti ilimwambia wazi kwamba sanduku la barua si makazi. Kwa hiyo kama una ndugu wa kweli mwenye mlango wa kweli, shikilia huyo. Dada yangu namletea mahindi mabichi kila nikipita Iowa majira ya joto.

Sasa Wyoming.

Ilikuwa Januari, naelekea magharibi kwenye I-80, na sehemu ya Laramie hadi Rawlins ni maarufu kwa kufungwa kwa upepo na theluji. Wakaifunga. Tukasukumwa kituoni Laramie, malori mia na kitu, bega kwa bega, injini zinaunguruma ili tusigande. Wengine wanalalamika, mimi nimetulia kama bwana harusi. Nina vitabu sita vya kusikiliza nimeazima! Nikajifunika blanketi, nikabofya cha kwanza.

Kimya. Kile kiduara kinazunguka tu.

Nikabofya cha pili. Kiduara. Cha tatu, kiduara. Kumbe programu ile, usipoigusa mipangilio yake, inapakua kwa waifai tu, na mimi nilikuwa nimeviazima vyote sita nikitumia mtandao wa simu. Nilichokuwa nacho ni picha za majalada. Bando la kasi lilikuwa limeisha, na waifai ya kituo ilikuwa inanyonywa na madereva mia kwa wakati mmoja. Saa nzima nikapata asilimia 4. Kazi yangu mwaka mzima ni kupakia na kupakua, na kitu pekee nilichosahau kupakua ni kile kisicho na uzito.

Siku mbili. Nilisoma kitabu cha maelekezo cha mashine ya baridi ya tela, ukurasa kwa ukurasa, hadi ile sehemu ya onyo kwa Kifaransa. Naweza kukueleza leo hii jinsi ya kuyeyusha barafu kwenye koili zake.

Tangu hapo nina desturi yangu: nguo zikiwa kwenye mashine ya kufulia, natafuta waifai nzuri na kupakua kila kitu, halafu naiweka simu kwenye hali ya ndege nione kama kitabu kinacheza kweli. Kikicheza, ndiyo kipo. Maktaba nyingi waifai yao inafika hadi nje, hata zikiwa zimefungwa, na nimewahi kukaa kwenye ngazi za maktaba saa 3 usiku na mfuko wa nguo safi mapajani kama mtu aliyefukuzwa na mkewe. Na jambo jingine, kitabu kianzishe kabla hujaondoa lori. Dereva wa lori haruhusiwi kushika simu akiendesha, na faini yake hutaipenda.

Foleni nazo zina ugonjwa wake. Unasubiri wiki tisa, halafu vitabu vinne vinafika siku moja, kama daladala. Kila kimoja una siku 3 za kukichukua la sivyo kinakwenda kwa mwingine. Mwanzoni nilikuwa navichukua vyote kwa tamaa, vinanifia mkononi siku ya 21, sijafika nusu. Dawa iko humohumo kwenye programu: unaweza kusema niletewe baadaye, na nafasi yako mbele haipotei, wanakuruka tu kwa muda. Mimi nilitumia mwaka mzima bila kukiona kile kitufe. Faini ya kuchelewesha haipo, kitabu kinajirudisha chenyewe. Hilo kwa mtu anayelala kila siku jimbo tofauti ni neema.

Usiku nasoma kwa Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, kwa sababu mwanga wa simu unanikosesha usingizi. Maktaba za Marekani zinakuwezesha kutuma kitabu kwenye Kindle, na hapa kuna ujanja ambao niliugundua mwenyewe, ingawa baadaye nikaambiwa dunia nzima inaujua. Ukizima waifai ya Kindle, muda wa kuazima ukiisha, maktaba inapata nakala yake na mtu anayefuata anaanza kusoma, ila kwako kitabu bado kipo hadi siku utakapowasha mtandao. Hujamnyima mtu. Nilitembea hivyo wiki sita, vitabu vitatu ndani, najiona profesa. Cha tatu kilikuwa cha upelelezi, nimebakiza kurasa 40, mpelelezi amekwisha waita watu wote sebuleni.

Nikiwa kwenye gati la kupakulia huko Joliet, kitabu kingine kikafika kwenye foleni. Nikaona nikivute haraka. Nikawasha waifai.

Vyote vitatu vikaondoka kwa mpigo. Sebule nzima, na mpelelezi wake. Nikaingia foleni upya, wa 17 Cleveland, na hadi zamu yangu inafika nilikuwa nimesahau nani ni mjomba wa nani, nikaanza ukurasa wa kwanza. Muuaji alikuwa daktari. Nilijua tangu zamani.

Kwa Kiswahili, usitegemee sana. Nimetafuta kwa lugha kwenye kadi zote nne, nikapata vichache, vingi vya watoto. Vitabu vya watoto nimevisoma pia, usiku wa Elko, Nevada, mwanaume wa miaka 41 na hadithi ya sungura. Sehemu ya kuomba maktaba inunue kitabu ipo, nami naombaomba. Cincinnati waliwahi kunijibu barua pepe kwa adabu sana. Hawajanunua.

Mwezi uliopita nimekutana tena na yule jamaa wa Bukavu, safari hii Columbus kwenyewe, kwa sababu mkewe kapata kazi huko na wamepanga nyumba. Ya kweli, ina mlango. Akanifuata na simu mkononi: "Kaka, ile mambo yako ya maktaba, niwekee." Nikamwekea. Tukaenda kuchukua kadi zake, nikamwonyesha foleni, nikamwonyesha kitufe cha baadaye, nikamwonya habari ya waifai. Nikasahau kumwambia asichukue kile kitabu kipya ambacho nilikuwa nakisubiri tangu Machi, maana nilikuwa nimekisogeza mbele mara mbili, nikakifuta kwa bahati mbaya na kuingia upya.

Jana nimetazama. Mimi ni wa 9. Yeye amenitumia picha ya simu yake na kicheko: wa 4.