Kwa nini wanawake peke yao? Swali la chanjo ya pepopunda lililochelewa kujibiwa

Ukitaka kujua kampeni ya chanjo itakwama wapi, kaa kwenye benchi la kliniki usikilize kinachoulizwa kabla ya sindano ya kwanza. Nchini Kenya mwaka 2014 swali lilikuwa hili: kwa nini wanawake peke yao?

Kampeni ilikuwa ya pepopunda. Awamu ya kwanza ilifanyika Oktoba 2013, ya pili Machi 2014 na ya tatu Oktoba 2014, na waliolengwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika maeneo yaliyohesabiwa kuwa na hatari kubwa. Maaskofu Wakatoliki wakatoa tamko kwamba chanjo ile imetiwa HCG, homoni ya mimba, ili wanawake wasizae. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF wakakanusha. Ikumbukwe kwamba Kanisa Katoliki linaendesha hospitali na zahanati nyingi sana Kenya, na ndizo zinazochanja watoto kila siku. Kwa hiyo tamko lile halikutoka kwa mtu wa kando asiyejua sindano.

Wakubwa walijibu kwa sentensi moja: chanjo ni salama. Mama alikuwa ameuliza kingine.

Jibu la swali lake lipo, na linaeleweka. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Mtu mzima huwapata kwa msumari, mwiba au jembe. Mtoto mchanga huwapata kitovuni: wembe usiochemshwa, uzi mchafu, au kidonda cha kitovu kupakwa majivu, udongo, samadi. Anazaliwa mzima, ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 anaacha ziwa. Ziwa analitaka, ila taya limekaza na mdomo haufunguki. Halafu mwili unakakamaa, mgongo unapinda kama upinde, na kila akiguswa au mlango ukibamizwa anashikwa na mkazo mwingine. Asipofika hospitali, karibu kila mtoto wa aina hii hufa.

Sasa, mtoto wa siku tatu ukimchanja umechelewa. Mwili wake hauwezi kutengeneza kinga ndani ya siku hizo. Kinga lazima atoke nayo tumboni, ipite kwenye kondo kutoka damu ya mama. Ndiyo sababu anachomwa mama. Mwanamume naye huugua pepopunda, na akijeruhiwa huchomwa, lakini hakuna mtoto wa kumpitishia kinga.

Maelezo haya yanachukua dakika mbili. Yangetakiwa yasemwe kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kanisani, msikitini na sokoni, wiki kadhaa kabla ya masanduku ya chanjo kushuka kwenye gari.

Swali la pili lilikuwa: mbona sindano nyingi? Dozi moja ni nusu mililita kwenye msuli wa juu ya mkono. Ya pili hutolewa angalau wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu angalau miezi 6 baada ya ya pili, ya nne mwaka mmoja baadaye na ya tano mwaka mwingine baadaye. Dozi mbili hulinda kwa miaka 3 hivi, tatu kwa miaka 5, nne kwa miaka 10, tano kwa umri wote wa kuzaa. Kwa hiyo anayerudi mara tatu ndani ya mwaka mmoja anafuata ratiba ya kawaida kabisa. Kinachoharibu ni kadi. Kadi ikipotea, mama aliyemaliza dozi zake tano anaanzishwa upya kwenye kampeni, anahesabu sindano ya sita na ya saba, na hapo ana haki ya kushtuka. Mhudumu mzuri anauliza kwanza, "Mama, ulishachomwa ngapi, na mimba ya nani?" Akina mama wengi hukumbuka kwa majina ya watoto wao kuliko kwa tarehe.

Tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo watu wengi, hata wasomi, walipotea njia. Sampuli za chanjo zilipelekwa maabara za hospitali, zikapimwa HCG kama inavyopimwa damu ya mjamzito, na baadhi zikatoa namba. Namba zikasomwa kama ushahidi.

Tazama mashine hizo zinavyofanya kazi. Ndani yake kuna kingamwili, yaani protini za kinga, zinazonasa HCG. Zikinasa, kitu kinawaka au rangi inabadilika, na mashine inalinganisha ukali wa ule mwanga au rangi na kipimo kilichowekwa kwa kutumia damu ya binadamu. Chanjo ya pepopunda haifanani na damu hata kidogo. Ni tope jeupe jepesi: sumu ya bakteria iliyouliwa makali, chumvi ya alumini ambayo protini hupenda kuganda juu yake, na dawa ya kuzuia vijidudu iitwayo thiomersali. Ukimimina tope hilo kwenye mashine iliyopangiwa damu, alumini inaweza kuganda na kingamwili zenyewe, na thiomersali inaweza kuzivuruga. Namba itatoka, kwa sababu mashine hutoa namba kwa chochote unachoitilia. Tena namba ndogo ya sifuri-pointi-kitu, au hata ya chini ya 5, kwenye damu ya mwanamke husomwa kuwa hana mimba.

Upimaji wa haki ungekuwaje? Unachukua vichupa ambavyo havijafunguliwa, vimechaguliwa ghalani na pande zote mbili, namba ya toleo ya kila kimoja imeandikwa na kusainiwa. Unaweka pembeni vichupa vya chanjo nyingine yenye alumini ileile, kama ya homa ya ini B, na vingine vya maji ya chumvi, na vingine vya chanjo hiyohiyo uliyotia HCG kwa makusudi kwa kiasi unachokijua. Vyote vinapewa namba za siri, maabara isijue kipi ni kipi. Kama chanjo ya homa ya ini na maji ya chumvi navyo vinatoa "HCG", umejua kwamba tatizo ni kipimo. Na kuna njia fupi zaidi: pima damu ya wanawake waliochanjwa uone kama wana kingamwili dhidi ya HCG. Chanjo ya kuzuia mimba hufanya kazi kwa kuufundisha mwili utengeneze kingamwili za kuizima homoni hiyo, na bila hizo haifanyi kazi.

Kamati ya pamoja ya serikali na kanisa iliundwa, lakini tamko lilikuwa limeshafika kila kijiji. Agosti 2015 maaskofu hao wakataka watu wasusie kampeni ya polio mpaka chanjo ipimwe. Shaka ya sindano moja ilikuwa imehamia kwenye matone ya mdomoni.

Kuna jambo ambalo wanaotetea chanjo hulikwepa, na naona wanakosea. Wazo la HCG kwenye pepopunda lina chanzo. Nchini India, profesa G. P. Talwar na wenzake walitafiti kwa miaka mingi chanjo ya kuzuia mimba, na WHO nayo ilikuwa na utafiti wake wa aina hiyo. Walichukua kipande cha HCG wakakiunganisha na protini ya kubebea, na protini mojawapo ilikuwa ya pepopunda, kwa sababu mwili huitambua upesi. Matokeo yalichapishwa waziwazi mwaka 1994. Kati ya wanawake 148, waliofikisha kiwango cha kingamwili kilichotakiwa ni 119, na kingamwili ziliposhuka wanawake waliweza kubeba mimba tena. Ukimwambia mtu "hakuna kitu kama hicho duniani", naye akaonyeshwa karatasi hiyo kwenye simu jioni, umempoteza. Mwambie kipo, mwambie kilijaribiwa wapi, kisha mwambie tofauti yake na kichupa kilicho mbele yake.

Tofauti iliyo rahisi kuliko zote iko kliniki yenyewe. Chanjo hiyohiyo ya pepopunda hupewa wajawazito, nchi nzima, miaka nenda miaka rudi. Mama anachomwa mimba ya kwanza, anajifungua, anarudi na ya pili, anachomwa tena, anajifungua. Vitabu vyao vya kliniki ni ushahidi ambao kila familia inao kabatini. Wapo watakaosema, mbona uzazi Kenya umeshuka? Kweli umeshuka: wastani ulikuwa watoto 8.1 kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970, ukafika 4.6 katika utafiti wa 2008-09, 3.9 mwaka 2014 na 3.4 mwaka 2022. Mteremko huo ulianza miongo mitatu kabla ya kampeni, wasichana walipokaa shule zaidi na uzazi wa mpango ukasambaa.

Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 2012.

Sasa kichupa chenyewe. Mtu mwenye wasiwasi ana haki ya kukiona kabla ya kuchomwa, na mhudumu asimfokee. Kwenye lebo soma jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Tafuta duara dogo lenye mraba ndani yake. Wahudumu huliita VVM. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaungua na joto. Mraba ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, kichupa kitupwe, hata kama tarehe bado. Duara hilo halionyeshi kuganda, na chanjo za alumini huharibika zikiganda barafu, hasa zinapogusana na pakiti za barafu zilizotolewa tu kwenye friza bila kuachwa zitoe jasho. Ukishuku, chukua kichupa kingine cha toleo hilohilo, kigandishe makusudi, kiyeyuke, kisha vitikise vyote viwili na uviweke mezani. Kilichoganda huonyesha mabonge na kutulia haraka, kikiacha maji maangavu juu. Kizima hubaki tope kwa muda mrefu zaidi.

Chanjo ya surua ina hatari nyingine, na hii ni ya kuogopwa kweli. Huja kama unga, huchanganywa na maji yake maalumu kutoka kiwanda kilekile, na ikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 au mwisho wa kikao, lolote litakalotangulia. Julai 2018, katika kisiwa cha Savai'i huko Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, wauguzi wawili walichanganya unga wa surua na dawa ya usingizi ya kulegeza misuli iliyokwisha muda, wakidhani ni maji. Watoto wawili wakafa muda mfupi baada ya kuchomwa. Serikali ikasimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, na hata iliporudishwa, watu walikuwa wameshakata tamaa nayo. Surua ikaingia mwishoni mwa 2019. Chanjo ikafanywa lazima, nchi ikafungwa tarehe 5 na 6 Desemba, familia zenye watu wasiochanjwa zikaambiwa zitundike kitambaa chekundu nje ya nyumba ili timu ziwafikie. Watu walichanjwa kwa wingi, ndiyo. Lakini waliokufa walifika 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5.

Kosa lile lingezuiwa na kanuni ndogo ya friji: dawa nyingine isikae kamwe rafu moja na chanjo, na unga usafiri pamoja na maji yake, vichupa sawa kwa sawa. Ukiingia zahanati ukakuta insulini, dawa ya usingizi na chanjo kwenye rafu moja ya friji, sema, hata kama wewe ni mgonjwa tu.

Amri peke yake haizai imani. Novemba 2021 Kenya ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa Uviko hatapata huduma za serikali. Mahakama Kuu ikaisimamisha kabla ya siku kufika. Waliokuwa wakisitasita walipata sababu mpya ya kusitasita.

Swali la 2014 limerudi kwa sura nyingine katika chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, Kenya Oktoba 2019. Safari hii ni "kwa nini wasichana peke yao?" Jibu liko kwenye jina la saratani yenyewe, lakini shuleni kinachovunja kampeni mara nyingi ni kuzimia. Msichana mmoja akianguka kwa hofu na njaa, wanne nyuma yake wanaanguka kwa kumwona, simu zinapigwa, wazazi wanavamia geti. Kwa hiyo wasichana wapate chakula kwanza. Wachomwe chumbani, mmoja mmoja, wengine wasione sindano. Akae wakati wa kuchomwa na akae dakika 15 baadaye, karibu na mwalimu anayemjua. Anayezimia alazwe, miguu iinuliwe, apewe hewa. Mara nyingi huamka ndani ya dakika moja. Mzazi wake apigiwe simu na mhudumu mwenyewe kabla habari hazijamfikia kwa njia nyingine.

Na mzazi akisema, "Sista, mimi bado sijaridhika," asiandikwe mkaidi. Andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe nyuma ya fomu, mpe namba ya kupiga, mwambie siku utakayorudi, na siku hiyo urudi na jibu pamoja na kichupa.