Kuchora manga Japani ukiwa mwalimu wa Kiingereza: ya kupanga ukiwa bado Kampala

Kwa kijana wa Uganda anayetaka kwenda Japani kuchora manga, yaani katuni za Kijapani, ualimu wa Kiingereza ndio mlango ulio wazi zaidi. Shahada ya somo lolote hutosha, hata ya uhasibu. Kinachosumbua ni waajiri wengi kutaka uwe umesoma kwa Kiingereza miaka 12. P1 hadi S6, yaani msingi na sekondari, ni miaka 13, ila tangu mtaala wa 2007 shule nyingi za vijijini hufundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya nyumbani. Toa mitatu, inabaki 10. Ongeza mitatu ya chuo na sharti limetimia, mradi uwe na barua za shule zinazotaja lugha ya kufundishia.

Hati ya ustahiki, inayoonyesha kwamba unastahili kuingia Japani kwa kazi hiyo, huombwa na mwajiri kwa uhamiaji wa Japani, nawe unaipeleka ubalozini Kampala upewe viza. Hati hiyo hudumu miezi 3. Viza yenyewe ni ya kufundisha: ukitaka kulipwa kwa mchoro, hata kava moja, omba kwanza kibali cha shughuli za ziada.

Lugha sasa. Irabu za Kijapani ni zetu zilezile tano, na hapo ndipo Mswahili anapoteleza. Kiswahili huvuta silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo *obasan*, shangazi, hutoka kinywani *obaasan*, yaani bibi. Anayejua Luganda ana sikio tayari: *okusika* ni kuvuta, *okusiika* ni kukaanga; *okuta* ni kuachilia, *okutta* ni kuua. Ndivyo *kite*, njoo, inavyotofautiana na *kitte*, stempu. Asiyejua Luganda apige makofi: ki-t-te, matatu. Na usitegemee cheti cha JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, peke yake, maana mtihani huo hauna sehemu ya kuzungumza, na mhariri wa manga atataka mzungumze.

Kurasa zichore kwenye karatasi ya B4, milimita 257 kwa 364, fremu ya ndani 180 kwa 270, kutoka kulia kwenda kushoto. Maputo ya maneno yawe marefu na membamba. Kijapani cha manga huandikwa kutoka juu kwenda chini, na puto pana tulilozoea kwenye katuni za magazeti huacha maneno yamebanana katikati, pembeni patupu. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), nyeusi na nyeupe tu. Vidoti vya kivuli viweke mwishoni, ukurasa ukiwa na ukubwa wake kamili, kwa sababu ukiupunguza baadaye vidoti hugongana na kivuli hujaa mawimbi.