Glovu za baiskeli: vipande 24 vilivyonifunga mdomo

Yote yalianza na ganzi. Kila asubuhi natoka Himo kwa baiskeli kwenda kibandani kwangu Moshi mjini, zaidi ya kilomita 20, na nikifika, kidole cha mwisho na jirani yake wanakuwa kama si wangu. Siku moja nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, na mimi ni fundi cherehani. Daktari alinibonyeza chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. Hapo, akasema, unapita mshipa wa fahamu, nawe unaulalia kwenye usukani na uzito wote wa mabega. Tafuta glovu zenye mto.

Dukani nikatajiwa 45,000. Glovu zenyewe zimekatwa vidole! Nikacheka, nikaenda zangu soko la Memorial, nikachambua mitumba mpaka nikapata pea iliyochoka kwa 2,000. Sikuwa na mpango wa kuivaa. Niliinunua niifumue.

Nilianza kufumua saa mbili usiku, na kufika saa nne meza ilikuwa imejaa. Vipande 12 kwa mkono mmoja, 24 kwa pea. Kiganja cha ngozi bandia laini, mgongo wa kitambaa kinachovutika, mito miwili ya sponji iliyofichwa kama vitumbua, velkro ya kufungia, na vijikanda vyembamba vya kati ya kidole na kidole ambavyo hata upana wa sentimita 2 havifiki. Juu ya kidole gumba palishonewa kitambaa cha taulo. Nilijiuliza cha nini, mpaka nilipopanda mlima na jasho likaingia machoni. (Na kamasi pia, tusifichane.)

Nikachora violezo kwenye boksi, nikanunua mabaki ya ngozi ya mbuzi kwa mzee mmoja fundi viatu. Ili nisipoteze ngozi, nikavipanga kwa kuvibana, hiki kimelala, kile kimesimama. Kumbe ngozi ina upande inaovutika zaidi, na upande huo unatakiwa ukae kwenye upana wa mkono. Glovu ya kushoto ikarefuka kama soksi, ya kulia ikanibana mpaka ngumi haikunjiki. Nilipompelekea mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, ngozi haisamehe. Kitambaa ukifumua, tundu linajifunga. Hapa tundu linabaki."

Kidole gumba sasa. Tundu lake limepinda hivi na kipande chake kimepinda vile, vikutane bila kujikunja. Ni kama kupachika mkono wa shati, ila shati lenyewe la mwanasesere. Cherehani huwezi kuikimbiza. Unazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, na mshono ukiangukia ndani ya kiganja utakuchubua kabla hujafika Kiboriloni.

Mto nao ulinisumbua. Sponji ya godoro ililala ndani ya wiki moja. Nikachukua ndala iliyoisha kisigino, nikachonga soli yake kwa wembe hadi ikawa nyembamba, nikatoa vipande viwili na kuacha mfereji katikati ili mshipa upite bila kukandamizwa. Hapo ganzi ikaanza kupungua. Mto ukiwa mnene zaidi ya hapo mkono haushiki usukani vizuri, nimejaribu.

Pea ya kwanza ilinichukua siku mbili. Ya nne, saa tano na nusu. Kwa muda huo nashona sketi 5 za shule, ushonaji 4,000 kila moja, yaani 20,000. Ngozi, uzi wa polista (wa pamba unaozeshwa na jasho), velkro na kitambaa ni 9,500. Jumla 29,500, bila kodi ya kibanda wala faida ya shilingi moja.

Lebo ya ile pea ya mtumba ilisema imetengenezwa Pakistan. Huko kuna mji wa Sialkot unaojulikana kwa mipira na glovu. Kiwandani hawakati kwa mkasi kama mimi, wana vyuma vyenye makali vya umbo la kipande, vinagandamizwa na mashine na tabaka kadhaa zinakatika mara moja. Lakini kila saizi inataka vyuma vyake, na vyuma hivyo vinalipwa kabla ya pea ya kwanza kuuzwa. Kushona bado ni mtu na cherehani. Weka jeli badala ya sponji, bei inapanda. Ongeza meli, ushuru, VAT ya asilimia 18, na mwenye duka naye ale.

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda aliziona mkononi. "Fundi, nishonee na mimi, ila za vidole vyote." Nikahesabu vijikanda vya ziada mpaka ncha za vidole, nikamtajia 40,000. Akacheka. Nikamsogezea ile sahani yenye vipande 24 avitazame, nikaendelea na sketi yangu.